Vijiti vya Mume na Mke

Voi,
5 Machi 1984

Danson wangu,

...na hilo la bafu bado sijalimaliza, maana barua yangu ya juzi ilikatika karatasi ilipokwisha. Mume wangu! Unaniambia kwamba kila jioni ukitoka kiwandani unaingia kwenye bafu la mtaa, unavua kila kitu, unakaa ndani ya maji ya moto na wanaume ambao hata majina yao huyajui, halafu msimamizi wako wa kazi anakusugua mgongo? Nilisoma nikiwa nimesimama nje ya posta, ikabidi niketi kwenye ngazi. Mama mmoja aliyekuwa akipita akaniuliza, "Umefiwa, binti?" Nikamwambia, "Hapana mama, nimeolewa."

Selpha, jirani yangu wa ukutani, yule mke wa Makokha wa reli, amecheka mpaka akamwaga uji. "Shukuru ni wanaume wenzake," akasema. "Ungesoma kwamba ni mchanganyiko ndipo ungeketi kwenye ngazi."

Lakini nakupenda hivyo hivyo, na mgongo wako uliosuguliwa na Wajapani. Kila usiku nakumbuka keki yetu pale kanisani Werugha, mkono wako ukinilisha, wangu ukikulisha, na sukari ikabaki kwenye masharubu yako mbele ya mchungaji. Majuma yale machache niliyokaa nawe kabla hujapanda ndege nimeyarudia kichwani mpaka yamekuwa kama miaka.

Jana nilipanda Werugha kwa wazazi wako. Nyanya Tryphena hakubali nifungue barua yako njiani. Anasema barua iliyofunguliwa njiani imeshapoa, kama chai. Kwa hiyo ile ya juzi sikumwambia kwamba niliifungua posta. Niliifunga tena kwa gundi, nikairarua mbele yake, nikasoma kwa sauti nikiruka maneno yetu sisi wawili. Habari ya bafu niliipita pia. Nilisema tu, "Danson anaoga vizuri." Baba, ukimjua alivyo mzee wa kanisa, akasema, "Amina."

Sasa nikuambie linaloniuma. Nimekuwa mkamwana wa nyumba ile tangu Desemba na bado naketi kama mgeni. Nikishika ufagio, Mama ananiambia, "Acha, utachoka." Nikienda kumpakulia Nyanya chakula, Shangazi Priscilla anaichukua sahani mkononi mwangu kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Nimeona jambo moja pale kwenu: mwanamke anayempa Nyanya sahani yake ndiye wa nyumba. Wengine ni wageni. Nimejiapia kwamba utakaporudi, sahani ile utaikuta mkononi mwangu.

Niandikie kila kitu. Unakula nini, unacheka na nani, unafanya nini siku za mapumziko. Usiniache nje ya maisha yako hata kidogo.

Wako, wako, wako,
Elsie


Gamagori, Japani,
19 Machi 1984

Elsie mpenzi,

Bafu nimelizoea. Sasa mimi ndiye ninayemsugua msimamizi. Usiisome sentensi hiyo Werugha.

Unataka kila kitu, basi haya. Asubuhi kabla ya kazi redio inapiga muziki na sisi sote tunatoka uwanjani kunyoosha viungo: mkurugenzi, wahasibu, mpishi na mimi, tukiinama na kuinuka pamoja kama wanafunzi. Kisha mashine zinawashwa. Marobota ya mkonge yakishushwa mimi huitwa, kwa sababu yale yanayotoka kwetu nayajua kwa harufu kabla sijasoma maandishi. Harufu ya shambani Voi, Elsie, katikati ya Japani! Kule mashambani nilikuwa fundi wa mashine ya kukamua majani tu. Hapa nauona mkonge ule ule ukiwa kamba nene kama mguu wangu, ya kufungia meli.

Kila mtu hapa husema "hai, hai" siku nzima. Maana yake ni "ndiyo". Mimi bado nasikia Kiswahili. Naona kama kila ninayemwuliza swali ananihakikishia kwamba hajafa.

Nimepanga chumba kwa Mzee Inagaki na mkewe. Mzee alifanya kazi kiwandani mpaka akastaafu. Dirishani nimepanda sukuma wiki kwenye mkebe wa rangi, na yeye huimwagilia nikiwa kazini na kuniripotia kwa mikono imekua kiasi gani. Jioni tunatazama mieleka ya wanaume wanene kwenye televisheni. Mimi nina mtu wangu, yeye ana wake, na wangu akianguka Mzee hunipigapiga begani kama mtu aliyefiwa. Mieleka hiyo nimeipenda kuliko mpira. Utanishangaa nikirudi.

Siku hizi Mzee amekonda, na mikono inamtetemeka. Jana wanawe walikuja, tukala nyama iliyopikwa kwenye sufuria katikati ya meza. Mzee alijaribu kuokota kipande kwa vijiti, kikamponyoka, akajaribu tena. Nikaokota kipande kizuri kuliko vyote, nikamnyooshea. Alikitazama, akanitazama mimi. Kisha akainua vijiti vyake, akakipokea kutoka kwenye vyangu, kijiti kwa kijiti, akala. Elsie, meza yote iliacha kula. Mama Inagaki aliweka mkono mdomoni. Binti yao aliinamisha macho, na nikaona yamejaa machozi. Waliguswa sana. Nilikumbuka keki yetu. Nikajua kwamba kulishana ni lugha moja dunia nzima.

Kwa hiyo nimekununulia vijiti. Huuzwa jozi mbili kwenye kisanduku kimoja, virefu vyeusi vya mume na vifupi vyekundu vya mke. Jifunze. Nikirudi tutapitishiana nyama hivyo maisha yetu yote.

Na lile la sahani ya Nyanya, vumilia. Mama si mtu wa maneno.

Wako,
Danson


Gamagori,
20 Aprili 1984

Elsie mpenzi,

Huko leo ni Ijumaa Kuu. Hapa ni siku ya kazi, lakini wamenipa ruhusa. Mzee Inagaki amefariki.

Jumanne nilikuwa nimeketi nje ya chumba chake hospitalini. Muuguzi akatoka. Nikamwuliza kwa Kijapani changu cha kuokoteza, "Mzee amefariki?" Akainamisha kichwa, akasema, "Hai."

Elsie, nilifurahi. Nilisimama nikacheka. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Asante Mungu, yu hai!" Ndipo nikaona uso wa yule muuguzi. Sijui kama nitausahau.

Si hilo pekee. Hapa hawaziki kama sisi. Mwili huchomwa. Baadaye tuliitwa kwenye chumba, mifupa ikaletwa juu ya sinia, myeupe kama chokaa. Kila mtu akapewa vijiti. Binti yao akaokota mfupa, akamnyooshea nduguye, naye akaupokea kutoka kwenye vijiti vya dada yake, kijiti kwa kijiti, akautia kwenye chungu.

Nimekifanya kitu hicho hicho, Elsie. Nimekifanya mezani, kwa mtu mgonjwa, mbele ya mkewe na wanawe. Mwenzangu wa kiwandani anayejua Kiingereza amenieleza: kupitishiana kitu kwa vijiti hufanywa kwa mifupa ya marehemu tu. Mtoto akijaribu mezani hupigwa kofi mkononi. Na mimi nilikuandikia kwamba waliguswa!

Kisha Mama Inagaki akaniita mbele. Nilitaka kukimbia. Aliokota kipande kidogo, akaninyooshea, nikapokea. Kilikuwa chepesi kuliko ganda la yai. Hajaniambia neno lolote, na mimi sijathubutu kumwuliza.

Kula kwa vile vijiti ukipenda, lakini usimpitishie mtu yeyote nyama. Hasa Nyanya. Najua barua hii itachukua wiki mbili kufika, na naomba iwahi. Na tafadhali, habari ya mifupa isifike masikioni mwa Baba. Unajua kule juu ya shamba letu kuna pango lenye mafuvu ya wazee wa zamani, yale ambayo watu wetu waliyatoa kaburini na kuyapanga mwambani kabla ya kanisa kuja. Nilipokuwa mdogo Baba alinichapa kwa kulikaribia tu. Kwake hakuna neno lililokatazwa kuliko hilo.

Danson


Voi,
24 Aprili 1984

Danson, Danson, Danson!

Vimefika! Siku chache tu kabla ya Pasaka, kisanduku kizima, hata rangi haijakwaruzika. Vyako vyeusi nimevilaza karibu na vyangu vyekundu na kuvitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi. Nilijifunza nyumbani kwa Selpha, nikiokota omena, dagaa za ziwani. Ziliruka kila upande. Makokha akasema, "Mwambie mumeo atume na wavu." Lakini nilipata! Kufikia Jumamosi niliweza kuokota hata punje ya mahindi.

Sasa sikia Pasaka yetu. Tumetoka kanisani, kuku amepikwa, kimanga cha muhogo na maharage kipo, watu wote wameketi. Nikasoma ile barua yako ya Machi, habari ya Mzee Inagaki na nyama, na jinsi meza yote ilivyoguswa. Nikatoa vijiti. Wote wakacheka. Kisha, huwezi kuamini, Baba alitoka nje, akakata mwanzi, akachonga vijiti vya kila mtu kwa panga lake! Mzee wa kanisa! Mimi nikaokota kipande cha kifua, nikampitishia Baba. Baba akampitishia Mama. Mama akampitishia Shangazi Priscilla. Kilianguka mara moja kwenye mapaja ya Baba na akakiokota kwa uso wa mtu anayehesabu sadaka. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia. Kijiti kwa kijiti, mpaka kikafika kwa Nyanya.

Nyanya hakucheka. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu, na machozi yakamtoka. Aliguswa sana, Danson, kama watu wako wa huko. Kisha akala.

Na hapo, mpenzi wangu, Mama alichukua sahani ya Nyanya akaniwekea mkononi. Mbele ya watu wote. "Leo mlishe wewe," akasema. Nilimlisha kama nilivyokulisha wewe siku ya keki. Nimekuwa wa nyumba! Kwa sababu yako na vijiti vyako!

Nyanya alilala mapema, kifua kilikuwa kimembana kidogo. Ni baridi ya milimani tu. Jumapili, tarehe sita Mei, nitapanda tena, na ikiwa barua yako nyingine itakuwa imefika nitaipeleka imefungwa, safari hii kwa haki kabisa, bila gundi.

Mkeo mwenye furaha kuliko wanawake wote wa Taita,
Elsie


Werugha,
7 Mei 1984

Mwanangu Danson,

Mimi si mwandishi, nitasema kwa kifupi. Barua yako ya mifupa imesomwa. Imesomwa kwa sauti, mbele ya nyanyako kitandani, mbele ya baba yako, mbele ya shangazi yako. Mke wako aliirarua pale pale kama Nyanya apendavyo, akaanza kusoma huku akitabasamu. Alipofika kwenye sinia ya mifupa akashtuka, lakini alikuwa ameshatamka. Alitaka kuikunja, na Nyanya akamwambia, "Endelea." Akaendelea mpaka mwisho. Hata lile la pango alilisoma, kwa vile alikuwa haoni tena anachosoma.

Baba yako alitoka nje na hakurudi mpaka jioni. Vile vijiti vyake vya mwanzi amevitia motoni. Priscilla alipiga kelele kwamba tumemwandalia mama yake matanga akiwa hai, na sisi sote tumeshika, na aliyeanza ni mke wako. Nyanya amekuwa kitandani tangu Pasaka. Hospitalini walisema ni mapafu, wakampa dawa, kifua kimefunguka. Lakini tangu jana hali chakula. Anageukia ukutani.

Nimemwambia Elsie akae Voi kwanza. Sikumfukuza. Nimemwambia akae kwanza. Usije ukaandikiwa vingine.

Sasa nijibu mimi, mama yako. Ulijua au hukujua? Na huko, mtu akikosea hivyo, wanafanya nini? Kuna neno la kusema, kuna kitu cha kunawa? Hapa baba yako ni mzee wa kanisa, siwezi kumwita mtu wa mila wa kutupa majani ya kutakasa nyumba. Ulitununulia shida huko, tununulie na dawa yake.

Mama


Voi,
9 Mei 1984

Danson,

Sijui nianzie wapi. Naandika na kufuta.

Nilisoma mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilikuwa naiona ile nyama ikipita, mimi, Baba, Mama, Shangazi, na mwisho wa mstari ni Nyanya. Kila mtu pale aliiona. Shangazi Priscilla alininyang'anya kikombe cha Nyanya, na safari hii si kwa upole.

Selpha anasema kuku ni kuku. "Sisi kwetu tungemla na mifupa yenyewe," anasema, kunichekesha. Nimecheka kidogo ili asikasirike. Lakini Nyanya akifa, Danson, mimi ni nani kwenu? Nitakuwa yule msichana aliyemla mama wa watu. Hata ukirudi, utarudi kwa mwanamke ambaye mama yako hawezi kumtazama.

Watoto ninaowafundisha chekechea wameniuliza leo kwa nini mwalimu haimbi.

Vijiti nimevirudisha kwenye kisanduku. Vyako viko juu, vyangu chini. Sijaweza kuvitupa. Niambie nivitupe nami nitavitupa.

Elsie


Gamagori,
23 Mei 1984

Elsie wangu,

Usivitupe.

Barua yako na ya Mama zilifika siku moja. Nilizisoma kwenye ngazi za nyumba, kama wewe pale posta. Kisha nilifanya nililokuwa nikiliogopa tangu mazishi. Nilimwita yule mwenzangu wa Kiingereza, tukapiga magoti mbele ya Mama Inagaki, nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba kosa langu limevuka bahari na limemlaza nyanya yangu. Nikamwuliza swali la Mama kama lilivyo: mtu akikosea hivi mnafanya nini, mnanawa nini?

Alicheka, Elsie, huku machozi yakimtoka, akaenda kuchemsha chai kwanza.

Hivi ndivyo alivyosema. Hapa mtu akiwa na ugonjwa usiopona, daktari huwaambia jamaa zake, na jamaa humficha mgonjwa. Walikuwa wamemficha Mzee miezi mingi. Wote wale mezani walijua kwamba anakufa, na kila mtu alikuwa akicheka ili asijue. Ndipo mimi, mpumbavu kutoka ng'ambo, nikamnyooshea nyama kama mtu anayepitisha mfupa wa marehemu. Walidhani nimefichua siri yao. Hawakuguswa. Walishtuka mpaka wakakosa pumzi.

Lakini usiku ule Mzee alimwambia mkewe, "Mimi najua. Nimejua tangu majira ya baridi. Nyinyi mnanificha, na mimi nawaficha kwamba najua, na tumechoka wote. Yule mtoto wa Afrika peke yake amenitendea kama mtu anayekufa na ana njaa." Wakazungumza mpaka asubuhi, kwa mara ya kwanza. Akamwonya: "Usimwambie alichofanya. Ataona haya, na ile nyama ilikuwa nzuri." Ndiyo maana Mama Inagaki aliniita kwenye mifupa. Alisema mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ile, basi nimalize.

Kuhusu dawa, alinijibu hivi: "Hakuna. Ni adabu mbaya ya mezani tu. Aliyekula nyama amekula nyama."

Mwambie Mama hivyo hivyo. Mwambie pia sikujua, naapa kwa keki yetu. Nimeomba ruhusa ya kuja na wamesema mkataba ni mpaka Desemba. Sukuma wiki imekufa, nilisahau kuimwagilia baada ya Mzee. Nimepanda nyingine jana.

Nyanya yu hai? Nijibu neno hilo tu, nami nitajua ni hai ya lugha gani.

Danson


Werugha,
11 Juni 1984

Mume wangu, mwanga wangu,

Yu hai. Hai ya kwetu.

Vuta pumzi, maana mimi bado sijaivuta. Barua yako ilifika Jumanne. Alhamisi nilikuwa nimekaa mlangoni nikiisoma kwa mara ya kumi, nikiwaza nani wa kuipeleka Werugha, mara naona viatu vya Mama. Mama yako! Voi, kwenye mlango wangu, na vumbi mpaka magotini. Selpha aliruka kumletea kiti na Mama hakuketi. Alisema, "Alikuwa akionja kijiko kijiko, sasa amekataa uji wa Priscilla, amekataa wangu. Anamtaka yule msichana na vijiti vyake. Vaa viatu."

Tulipofika Mwatate nikamsomea barua yako, garini, watu wote wakisikia. Alitazama dirishani muda wote. Nilipomaliza akasema, "Aliyekula nyama amekula nyama," polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akanishika mkono na hakuuachilia mpaka tukashuka.

Nyanya amekonda, Danson. Lakini macho ni yale yale. Shangazi Priscilla alikuwa pembeni, hanitazami. Baba amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nikapiga magoti nikasema, "Nyanya, nisamehe, sikujua ni kitu cha wafu."

Akasema, "Mimi nilijua."

"Ile nyama ilipoanza kupita," akasema, "mkono huu, mkono huu, nilikumbuka. Nilikuwa mtoto mdogo. Babu yangu alikuwa ameshakaa ardhini muda wake, wakamtoa kichwa kumpeleka pangoni na wenzake. Wanaume walitangulia, mimi nikafuata na majani ya kufunikia. Pale mwambani baba yangu alihitaji mikono yote miwili kupanda, hakukuwa na mtu karibu. Akanipa mimi. 'Shika kidogo,' akasema. Nikamshika babu yangu. Baba alipofika juu akainama, akanyoosha mikono, nami nikampitishia, akapokea. Hakuwa mzito."

Shangazi Priscilla akasema, "Mama! Umebatizwa!"

"Nimebatizwa, ndiyo. Hakuna aliyeniuliza kama nimesahau." Akamgeukia Baba. "Obadiah, tangu walimu wa dini waje sijapanda kule. Ulimchapa Danson kwa kupakaribia, nikanyamaza. Siku ya Pasaka ndipo nililia. Nililia kwa kuwa babu yangu amekaa pale miaka yote hii na mimi niko hapa chini nakula kuku, sijamwamkia hata mara moja. Nyinyi mkadhani naumwa na vijiti!"

Danson, nilidhani Baba ataondoka. Aliingia ndani. Aliketi ukingoni mwa kitanda, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Nyanya akaniambia, "Wewe. Kile chakula kiko wapi?"

Mama mwenyewe alipakua. Aliniletea sahani mpaka mkononi. Nikafungua kisanduku, nikachukua vyangu vyekundu, na vile vyeusi Nyanya akavishika kwa ngumi kama mtu anayeshika mwiko. Nikaokota kipande cha kimanga, nikamnyooshea, kikaanguka blanketini. Cha pili pia. Cha tatu Shangazi Priscilla akashindwa kuvumilia, akaja akamshika Nyanya mkono kutoka nyuma, akamwelekezea, na wote watatu tukakifikisha mdomoni. Akala sahani nzima. Akauliza kama wale watu wako wa Japani nao wana milima. Nikamwambia wanayo. Akasema, "Basi ni watu."

Aliniuliza pia, "Huyo mzee wa Danson, mfupa wake Danson aliupokea kwa nani?" Nikamwambia kwa mke wa marehemu. Akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Wamempokea." Kisha akanitazama mimi muda mrefu, na sijui kama ni mfupa aliokuwa akiuwaza au ni mimi.

Sasa hapa ndipo nilipopigwa na butwaa kuliko siku ya bafu. Jana baada ya ibada Baba alileta kile kiti cha mbao cha barazani, akaanza kukifungia miti miwili mirefu, mmoja kila upande. Kamba ni ya mkonge, Danson. Mama akamwuliza, "Hiyo ni nini?" Baba akasema bila kuinua macho, "Mama hawezi kupanda kwa miguu." Mama akakaa chini, pale pale kwenye majani. Shangazi Priscilla akauliza watu wa kanisa watasema nini. Baba akasema atawaambia mwenyewe kwamba mzee wa kanisa amempeleka mama yake kumwamkia babu yake, na hakuna chochote kitakachochinjwa wala kumwagwa, salamu tu. Ameongea na mchungaji. Sijui mchungaji amesema nini, na Baba hajasema.

Nyanya amepewa siku kadhaa za kula na kupata nguvu. Anakula kwa mkono wangu, asubuhi na jioni. Chekechea nimeomba ruhusa.

Nilimwuliza Baba nani atabeba upande wa mbele na nani wa nyuma, nikidhani atawaita vijana wa jirani. Akajaribu fundo la kamba kwa uzito wake wote. Akasema, "Mbele ni mimi. Nyuma ashike mtu wa nyumba." Akaviangalia viatu vyangu, akaniambia nitafute vingine, vile vitateleza mwambani.

Nimeazima vya Mama. Vinanitosha. Kabla mwezi huu haujaisha, tutapanda pangoni kumtembelea babu yake Nyanya.

Mkeo,
Elsie